Siendi Popote

Mbio zimeisha tangu Desemba.
Kocha Luambano kaniandikia kwa penseli
nyuma ya risiti ya duka la vipuri:
*Machi hadi Mei, usishindane na mtu.
Jenga pumzi. Kula. Lala. Panda polepole.*
"Polepole" kaipigia mstari mara mbili.
Ananijua.

Lakini masika haisomi risiti.
Jangwani wamefunga tena,
na juzi nilikwenda hadi Kimara
nikarudi na tope kwenye meno,
mnyororo unalia kama paka aliyefungiwa stoo.
Shimo lililojaa maji halikwambii kina chake;
rimu ya mbele ndiyo iliyokwenda kuuliza.

Basi nainama.
Cha uvunguni kwangu ni bomba tatu za chuma
alizoniunganishia fundi Mwinshehe, Gerezani,
kwa beringi za pikipiki iliyokufa
na mkanda wa cherehani.
Elfu arobaini na tano. Akanisamehe tano.
"Utafika wapi na hii?" aliniuliza.
Siendi popote, nikamwambia.
Alicheka mpaka miwani ya kuchomelea ikamdondoka.

Siku ya kwanza nilianguka mara nne.
Nikaegemea kabati, kabati likaegemea masufuria.
Baiskeli juu ya bomba haina msamaha:
ukitazama chini, umeanguka,
ukiifikiria kodi, umeanguka.
Tazama msumari ukutani, pale ilipokuwa kalenda,
kanyaga.

Jasho linachimba kiziwa kwenye kapeti la plastiki.
Juu ya bati mvua inapiga makofi
ya watu elfu ambao hawakuja kunitazama.
Bi Nyamwizi, chumba cha pili, anagonga ukuta:
"We Chande! Unasaga nini usiku huu?"
Nasaga miguu, bibi.
Unga utauona Julai.

Jumanne umeme ukakatika.
Nikashuka kwa kupapasa, nilale.
Mkono ukagusa dainamo ya marehemu baba,
ile aliyopelekea mikate Buguruni kabla ya adhana.
Nikaibana kwenye tairi, nikapanda tena.
Taa ikafumbua jicho, kwanza kwa aibu,
kisha ukuta mzima ukaonekana, na msumari wangu,
na mlango unasukumwa:
Hidaya, mjukuu wa Bi Nyamwizi, darasa la sita,
daftari kwapani.
Hakuomba. Aliketi sakafuni mbele ya taa
akafungua hesabu za sehemu.

"Kaka Chande, usipunguze, sijaona namba ya chini."
Nikaongeza.
"Basi, sasa nafikiri."
Nikalegeza, chumba kikawa rangi ya chai.
"Ongeza! Nimepata!"
Robo tatu toa theluthi moja: pumzi tatu za mbio.
Kigawe kidogo cha shirika: kilima cha Pugu kizima,
mapaja yanawaka, na yeye anafuta,
anapuliza vumbi la kifutio, anaanza upya.
Maswali kumi na mawili.
Kocha hajawahi kuniandikia zoezi kama hili,
vita, nafuu, vita,
na saa ameishika mtoto anayetafuna penseli.

Umeme uliporudi mtaa mzima ulipiga kelele.
Hidaya akafunga daftari, akanitazama
nilivyolowa kama niliyekuwa nje.
"Umefika wapi?"
Hapa hapa.
"Na mimi la tisa limenishinda," akasema, akaenda kulala.

Jumamosi mvua ilipumzika, saa kumi na moja alfajiri.
Nikatoka. Lami ilikuwa inafuka moshi,
vyura wa mtaroni hawajamaliza kikao.
Nilipoanza kupanda Pugu nikahisi kitu kinanivuta nyuma,
kidogo tu, kama mtu aliyeshika shati.
Dainamo. Sikuiachia.
Jua lilikuwa limeshatoka, taa inawaka bure,
haimuoneshi mtu namba yoyote.

Kidole kimoja kingetosha kuisukuma pembeni.
Niliiacha.
Nikapanda nayo, polepole,
nikilitafuta jibu la la tisa.